Sifuri Iko Wapi?

*Hotuba kwa wanafunzi wa sekondari, walimu wa sayansi na wazazi, Kigoma Mjini*

Ndugu walimu, wazazi wetu mliofika, na ninyi vijana mliojazana huko nyuma, hamjambo. Nawaona waliosimama mlangoni. Nafasi zipo huku mbele, sogeeni, maana vitu vilivyo juu ya meza hii ni vidogo na vinataka kuonwa kwa karibu.

Nianze na saa. Simu yangu inasema ni 10:00. Ukimwuliza bibi aliyeketi pale, atakwambia ni saa nne. Hakuna aliyekosea. Simu ilianza kuhesabu usiku wa manane, bibi alianza kuhesabu kulipokucha. Saa moja ya simu ina dakika 60 na ya bibi vilevile. Kinachotofautiana ni mahali pa kuanzia, yaani sifuri, na tofauti yake ni sita, basi.

Sasa nawauliza: kutoka saa mbili mpaka saa nne, muda umekuwa mara mbili? Kwa bibi, nne ni mara mbili ya mbili, hesabu imekubali. Kwa simu ni 8 na 10, na kumi haijawahi kuwa mara mbili ya nane. Jambo ni lilelile na majibu ni mawili. Mwenye kutaka kusema "mara mbili" anadaiwa kwanza aseme anahesabu kuanzia wapi. Shikeni hilo, kwa sababu kemia yote ya mwanzo, ile ya maada, vipimo na gesi mnayoisoma kidato cha kwanza mpaka cha tatu, inamwangusha mwanafunzi papo hapo. Fomula anaijua, kikokotoo anacho, lakini sifuri yake iko mahali pengine. Darasani mnayasoma haya kwa Kiingereza. Leo tutayasema kwa lugha tunayonunulia dagaa.

Maada ni kitu chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi. Mezani hapa pana mango, kimiminika na gesi, na sitapoteza muda kuwaeleza kuwa jiwe ni mango. Hewa ndiyo inayoleta ubishi. Watu wanakubali kwa mdomo kwamba hewa ni maada, moyoni wanaiona kama si kitu. Basi tuipime. Darasa la urefu wa mita 8, upana mita 7 na kimo mita 3 lina mita za ujazo 168. Hapa Kigoma, kukiwa na nyuzi 25, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.08 hivi. Zidisha: ni zaidi ya kilo 180 za hewa ndani ya darasa moja, karibu magunia mawili ya mahindi. Mnakaa humo kila siku na hakuna aliyewahi kulalamika.

Ukitaka kuiona kwenye mizani, chukua mpira wa miguu na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mpira uwe umeshapata umbo lake la duara lakini bado unabonyea ukiuminya. Uweke juu ya kata ya kitambaa usibingirike, andika uzito. Kisha ujaze upepo mpaka ukaze, upime tena. Utaongezeka kama gramu 5. Hapa mwanafunzi makini atauliza: mpira una ujazo wa lita 5 na nusu, kabla ya kuukaza ulikuwa tayari na gramu 6 za hewa ndani, mbona mizani haikuzionyesha? Jibu analijua kila aliyechota maji ziwani. Ndoo iliyojaa, ikiwa bado imezama, huiinua kwa kidole. Ikitoka juu ya maji ndipo mkono unapolia. Maji ndani ya maji hayaonyeshi uzito, na hewa ndani ya hewa ni vivyo hivyo. Mizani yako imezama kwenye ziwa la hewa, na sifuri yake imewekwa ikiwa imezama humo. Inakuonyesha kile tu ulichozidisha.

Na kama mpira ulikuwa umesinyaa kabisa mwanzoni, jaribio litakudanganya, kwa kuwa ukiujaza unavimba, unasukuma hewa ya nje, na hewa ya nje nayo inaubeba. Ndiyo maana nimesema uwe na umbo lake kwanza.

Tuje kwenye madumu haya matatu. Yote yameandikwa lita 20. La kwanza lina maji, la pili mawese ya hapa kwetu, la tatu asali ya Tabora. Maji: kilo 20. Mawese: kilo 18 na ushee. Asali: kilo 28 na zaidi. Ujazo ni mmoja, tungamo ni tatu, na hiyo ndiyo maana ya msongamano: kilo ngapi zimo ndani ya lita moja. Kwa hiyo anayenunua asali kwa lita na kuiuza kwa kilo anafanya kemia, apende asipende.

Lakini tazameni sifuri. Dumu tupu lenyewe lina kama kilo moja, na hazilingani, lako lipime. Ukilisahau kwenye mawese, umeshalipa bei ya mafuta kwa plastiki. Halafu hizo lita 20 zilizoandikwa: madumu mengi yakijazwa mpaka shingoni huingiza zaidi. Njia ya kulijua dumu lako ni kulipima tupu, kulijaza maji safi mpaka alama unayotumia, na kulipima tena. Kwenye nyuzi 25 lita moja ya maji ina kilo 0.997, hivyo kilo za maji ulizopata ndizo lita zako, ukiwa na kosa lisilofika hata asilimia moja. Piga alama ya rangi hapo. Mizani ya kuning'inia nayo itazamwe kabla ya kuning'iniza chochote. Mshale uliokaa kwenye nusu kilo kabla ya mzigo utakuwa umekosea nusu kilo kwa kila mzigo, asubuhi mpaka jioni, na kosa hilo halipungui hata ukipima mara mia. Ukirudia kipimo unaondoa bahati mbaya. Mizani iliyopinda huiondoi kwa kurudia.

Kwa asali nitakaa kidogo, maana ina somo lililojificha. Asali yenye maji asilimia 18 ina kilo 1.417 kwa lita. Maji yakifika asilimia 21, ambako asali imeshaingia kwenye hatari ya kuchacha, inashuka chini kidogo ya kilo 1.40. Mtu anasema, vizuri, basi nitaijua asali mbovu kwa kuipima. Ngoja. Kwenye dumu zima tofauti ni gramu 400 na kitu katika kilo 28. Mizani ya kuning'inia yenye mistari ya nusu kilo haiwezi kuiona tofauti hiyo. Unaposema umeiona, umeona unachotaka kukiona. Chukua basi lita moja na mizani ya gramu: tofauti ni gramu 20 na kitu, mizani inaziona bila shida. Lakini jagi lako la lita likikosea mililita 10, ambalo ni jambo la kawaida kwa jagi la plastiki, kosa hilo peke yake ni gramu 14. Mizani nzuri imeharibiwa na jagi baya. Kipimo chako hakiwezi kuwa kizuri kuliko chombo kibaya zaidi ulichotumia. Juu ya hayo, asali iliyomiminwa sasa hivi imebeba mapovu, na mapovu ni hewa. Iache itulie usiku kucha. Wenye kazi yao hutumia kile kifaa kidogo cha kutazamia mpindo wa mwanga, tone moja tu, na wana sababu.

Mawese nayo yanafundisha jambo ambalo kitabu hulipita mbio. Asubuhi ya baridi dumu linakuwa nusu limeganda, nusu linamwagika. Ni mango au ni kimiminika? Ni vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa kuwa mawese ni mchanganyiko wa mafuta ya aina nyingi na kila aina ina joto lake la kuganda. Barafu ya maji safi huyeyuka kwenye nyuzi 0 na hukaa hapohapo mpaka kipande cha mwisho kiishe. Mchanganyiko huyeyuka polepole, kuanzia hapa mpaka pale. Ndivyo mkemia anavyoutambua uhalisi wa kitu bila hata kukionja, na kuonja maabara ni marufuku.

Yakiganda na kuyeyuka, mawese yanabaki mawese. Yakikutana na kostiki soda yanakuwa sabuni, na hapo hakuna kurudi nyuma. Kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 141 za kostiki soda safi ili mafuta yote yageuke. Watengenezaji waangalifu hupunguza kidogo, wanaweka gramu 134 katika gramu 300 hivi za maji, ili yabaki mafuta kidogo na isibaki soda inayochubua ngozi. Ni gramu, jamani, siyo vijiko. Kostiki soda huvuta unyevu wa hewa: kopo lililoachwa wazi wiki moja linapimwa soda pamoja na maji, na kijiko cha leo si kijiko cha jana. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, kwenye ndoo ya plastiki ngumu. Ukigeuza, ukamwagia soda maji, yanachemka ghafla na kurukia macho. Na sufuria ya alumini kaa nayo mbali kabisa: soda inaila, inatoa haidrojeni, na haidrojeni inawaka.

Maabara yenyewe nitaipitia upesi. Bika, kile kikombe cha kioo, si kipimo. Ile mistari ubavuni ni ya kukadiria, inaweza kukosea asilimia 5. Silinda ya kupimia ni afadhali, pipeti na bureti, yale mabomba membamba ya kioo yenye alama, ndizo za kutegemewa. Maji kwenye bomba la kioo hupinda pembeni yakapanda. Soma chini ya mpindo, jicho likiwa usawa wake, si juu wala chini. Bureti sifuri yake iko juu na namba zinashuka, kwa hiyo anayesoma kama silinda hukosea kila safari. Kabla ya kuanza, fungua koki umwage kidogo mpaka povu la hewa lililoko kwenye ncha litoke. Likitoka katikati ya kazi, limehesabiwa kama asidi. Pipeti ikishamaliza kutoa, gusisha ncha yake kwenye ukuta wa chupa, lile tone linalobaki usilipulize. Aliyeitengeneza pipeti alishaliacha nje ya hesabu. Wengi wanalipuliza kwa huruma.

Sasa joto, na hapa ndipo saa ya bibi inaporudi. Mwaka 1742 Anders Celsius wa Uswidi alipanga kipimo chake akiweka sifuri kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye barafu inayoyeyuka. Ndiyo, kinyume cha tunavyotumia leo, kiligeuzwa baadaye. Nawaambia hili mjue kwamba sifuri ya Selsiasi ilichaguliwa na watu kwa urahisi wao, kama sisi tulivyochagua kucha. Nyuzi 0 haina maana ya kutokuwepo joto. Hivyo nyuzi 50 si joto mara mbili ya nyuzi 25, kama saa nne isivyokuwa mara mbili ya saa mbili.

Hata ile 100 ina mwenyewe. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 kanieneo (presha) ya hewa ikiwa kilopaskali 101.3, yaani usawa wa bahari, kule Tanga na Dar es Salaam. Ziwa letu limekaa mita 770 na kidogo juu ya bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu, kanieneo yake ni kama kilopaskali 92, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 97 na nusu hivi. Tabora, mita 1,200 hivi, ni kama nyuzi 96. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayechovya themometa kwenye maji yanayotokota, akaona 97, akasema themometa ni mbovu. Themometa ni nzima. Ukitaka kuikagua, tumia barafu iliyopondwa iliyochanganywa na maji yake, koroga, ngoja dakika tatu: hapo isome 0 popote ulipo Tanzania.

Sifuri ya kweli ya joto iko nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Celsius. Ilifikiwa kwa kufuata gesi. Gesi ikipozwa bila kubadili kanieneo, ujazo wake unapungua kwa hatua zilizo sawa, na ukiuchora kwenye grafu mstari unaelekea palepale, iwe hewa au haidrojeni. Gay-Lussac alichapisha kazi hiyo mwaka 1802 akimtaja Charles aliyetangulia, na mwaka 1848 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, akapendekeza kipimo kinachoanzia huko chini. Ukubwa wa hatua ni uleule, umehamisha sifuri tu. Kugeuza Selsiasi kuwa Kelvini unajumlisha 273, kama unavyojumlisha sita kugeuza saa ya bibi kuwa saa ya simu. Na kwenye Kelvini pekee ndipo neno "mara mbili" linapokuwa na maana.

Bomba la sindano hili ni la mililita 60. Nimevuta hewa mpaka 50, nikaziba ncha kwa moto wa mshumaa, ikayeyuka na kujifunga. Ndani ya mpira wa kisukumio nimepaka mafuta kidogo sana. Limesimama wima kwenye stendi. Sasa naweka juu yake mfuko wa mchanga wa kilo 2, taratibu. Msiangalie bado. Ukibana hewa haraka inapata joto, na hewa yenye joto inavimba, kwa hiyo tunangoja nusu dakika. Halafu mpira unang'ang'ania ukuta: naukandamiza kidogo uachie wenyewe, nasoma, nauinua kidogo uachie, nasoma, nachukua katikati. Wewe kijana wa mbele, soma. Mililita 36 na kidogo. Na kilo 4? Mililita 28 na kidogo. Sasa naondoa mifuko yote. Kisukumio kimerudi 50? Kimerudi. Kisingerudi, bomba linavuja na namba zote tungezitupa.

Tufanye hesabu. Kipenyo cha ndani ni milimita 26.7, eneo ni sentimita za mraba 5.6. Kilo 2 zinakandamiza kwa nyutoni 19.6, gawa kwa eneo, unapata kilopaskali 35. Kilo 4 ni 70. (Kipenyo kipimeni kwa uangalifu: ukikosea milimita moja, eneo linakosea zaidi ya asilimia 7, kwa sababu unakizidisha chenyewe kwa chenyewe.) Robert Boyle alionyesha mwaka 1662 kwamba kanieneo ukizidisha kwa ujazo jibu halibadiliki, almradi joto ni lilelile. Haya, 35 mara 36.2 ni 1,267. Na 70 mara 28.4 ni 1,988. Boyle amekosea?

Kabla sijaweka mfuko wowote, kanieneo kwa hesabu hii ilikuwa sifuri, na sifuri mara 50 ni sifuri. Lakini humo ndani hewa ilikuwemo, na haikuwa imelegea. Kitu gani kiliibana? Hewa ya nje, lile ziwa tulilozama ndani yake, kilopaskali 92. Iongezeni. Bila mfuko: 92 mara 50 ni 4,600. Kilo 2: 127 mara 36.2 ni 4,597. Kilo 4: 162 mara 28.4 ni 4,601. Hapo Boyle anapumzika kwa amani.

Jaribuni pia kwa namba ya kitabu, 101. Mtapata 5,050, kisha 4,923, kisha 4,856, zinateremka kama zinavuja. Mwalimu asiyejua atalaumu bomba. Bomba halina kosa, kitabu kimeandikwa pwani.

Fundi wa pancha anakutana na jambo hilohilo kila siku. Tairi limejazwa asubuhi, nyuzi 25, geji inasoma 30. Mchana limeanikwa kwenye lami, hewa ya ndani imefika nyuzi 55. Mwenye kutumia Selsiasi atasema 30 mara 55 gawa kwa 25, ni 66, tairi lipasuke! Haipasuki. Geji inasoma kilichozidi hewa ya nje, kwa hiyo kwanza ongeza hewa ya nje, ambayo kwa vipimo vya geji hiyo hapa Kigoma ni 13.4. Unapata 43.4. Zidisha kwa 328, gawa kwa 298, ndizo zile 55 na 25 kwa Kelvini, unapata 47.8. Ondoa 13.4 uliyoiongeza. Geji itasoma 34. Fundi anayepunguza upepo saa nane mchana ili irudi 30, kesho alfajiri atakuta tairi laini. Upepo hupimwa tairi likiwa limepoa.

Ziwani ni hivyohivyo. Mfuko wa hewa wa lita moja ukizamishwa, kila mita 10 za maji zinaongeza kilopaskali 98. Hapa mfuko unabaki nusu ukifika mita 9.4 tu, kwa kuwa hewa ya juu ilikuwa pungufu tangu mwanzo. Ukiushusha mpaka kina cha mwisho cha Tanganyika, mita 1,470, ungebaki mililita sita hivi, kijiko cha chai na kidogo. Mvuvi akimvuta sangala haraka kutoka chini anaona hesabu hiyo ikienda kinyume: kibofu cha hewa cha samaki kinavimba mpaka kinasukuma matumbo kuelekea mdomoni.

Kuna jaribio moja linalowaliza vijana wa mikoa ya juu, na nataka walimu wanisikilize. Magnesiamu gramu 0.10 kwenye asidi hidrokloriki, mnakusanya haidrojeni juu ya maji kwenye silinda ya mililita 100. Kitabu kinasema mole moja ya gesi, yaani idadi maalumu ya chembe zake, ni lita 24, kwa hiyo mtapata mililita 99. Mwanafunzi wa Kigoma anapata 114, au silinda inajaa na gesi inaponyoka pembeni. Anachofanya ni kuandika 99. Anapika matokeo, anapewa vyema, na yule jirani yake aliyeandika 114 anapewa kosa.

Wa 114 ndiye aliyepata. Lita 24 ni za joto la chumba na kanieneo ya pwani, kama zile 22.4 zilivyo za nyuzi 0. Kwetu hapa, nyuzi 25 na kilopaskali 92, mole moja inachukua karibu lita 27. Na gesi iliyokusanywa juu ya maji haiko peke yake, imechanganyika na mvuke wa maji, ambao kwenye nyuzi 25 unabeba kilopaskali 3.2. Toa hizo kwenye 92.4, ndiyo ile 92 yetu kwa ukamilifu, zinabaki 89.2 za haidrojeni, na hesabu inaangukia 114. Tumieni silinda kubwa, au mpunguze magnesiamu iwe gramu 0.07. Kiwango cha maji ndani ya silinda kilingane na cha nje kabla ya kusoma, la sivyo mnapima haidrojeni iliyovutwa na uzito wa maji. Na utepe wa magnesiamu usuguliwe kwa msasa kwanza. Ule weusi wa juu ni oksidi, unapimwa kwenye mizani lakini hautoi gesi.

Cha mwisho mezani ni mtungi wa gesi wa kilo 6. Sheria ya Boyle hapa iacheni mlangoni, kwa sababu ndani kuna kimiminika, propani na butani zilizobanwa, na gesi iko juu yake tu. Kimiminika kikiwepo hata kidogo, kanieneo inategemea joto peke yake. Ndiyo maana moto unawaka vizuri wiki nzima halafu unazima wali ukiwa nusu: geji ya presha haikuambii kilichobaki. Mizani ndiyo inayokuambia. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye kola yake. Pima wote, toa huo, kinachobaki ni gesi. Ukinunua, pima hapohapo dukani. Mtungi ukitoa jasho au kuwa baridi wakati wa kupika sana, ni kimiminika kinachovukiza na kuchukua joto la chuma, hakuna ubovu. Usiupashe moto, wala usiulaze, ukilala unatoa kimiminika badala ya gesi, na kilo hizo sita zikigeuka gesi ni lita 3,000 hivi.

Mole moja ya hewa ina gramu 29, ya propani 44, ya butani 58. Gesi ikivuja inatambaa sakafuni na kukaa kwenye pembe. Fungua mlango, si dirisha la juu tu, na usiguse swichi. Kiungo kinachoshukiwa kipakwe povu la sabuni, utaona kinapuliza. Lakini msichukue somo hili mkalipeleka kwenye jiko la mkaa. Ile gesi ya mkaa inayoua usingizini, monoksidi ya kaboni, ina gramu 28, karibu sawa na hewa. Haishuki wala haipandi, inajaa chumba chote, na harufu haina. Kulala kitandani badala ya mkekani hakumsaidii mtu. Jiko linalala nje.

Bomba la sindano liko hapa, mifuko ya mchanga iko minne, na karatasi ya kuandikia iko chini ya mizani. Foleni ianzie upande wa mlangoni, watatu watatu. Anayesoma aseme kwa sauti, na wa pembeni yake asome tena kabla hajasikia jibu la mwenzake.